Beramu Nne Jangwani: Jinsi Waisraeli Walivyopanga Kambi Yao

Siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa pili tangu Waisraeli watoke Misri, Musa aliamriwa awahesabu watu wake. Siku ya ishirini ya mwezi huohuo wingu likainuka juu ya hema takatifu na safari ikaanza. Kati ya tarehe hizo mbili, chini ya Mlima Sinai, Kitabu cha Hesabu kinasimulia kazi kubwa: kila kabila lilipewa upande wake, kila ukoo wa Walawi mzigo wake, na kila kundi zamu yake njiani. Wayahudi wenyewe hukiita kitabu hicho Bemidbar, yaani "jangwani", na kwa kawaida huanza kukisoma katika masinagogi siku chache kabla ya sikukuu ya Majuma, wanapokumbuka kupewa Torati.

Sura zake za mwanzo huwachosha wengi. Ni majina na tarakimu, na msomaji akishafika kwa Elisuri mwana wa Shedeuri hutamani kurukia habari za Balaamu na punda wake. Lakini ndani ya orodha hizo umo msamiati mzima wa Kiebrania uliotumika kuipanga kambi. Ukiufuata neno kwa neno, unawaona watu waliotoka utumwani juzi tu wakipewa kitu ambacho mtumwa hana: mahali pake mwenyewe.

Kutua na kung'oa

Neno la msingi ni mahaneh, kambi, ambalo Biblia ya Union Version ya 1952 mara nyingi hulitaja kwa neno la wasafiri wa zamani, "marago". Limetokana na kitenzi hanah, kutua. Kitabu cha Waamuzi kinatumia kitenzi hichohicho kwa siku inayoelekea jioni, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo mengi, kwa kuwa kwetu pia jua hutua na msafara hutua. Kinyume chake ni nasa, ambacho asili yake ni kung'oa, hasa kung'oa vigingi vya hema. Sura ya 33 ya Hesabu inaitaja jozi hiyo tena na tena: waking'oa hapa, wakatua pale, kutoka Ramesesi ya Misri hadi nchi tambarare za Moabu. Mapokeo ya Kiyahudi huvihesabu vituo hivyo kuwa 42.

Katika kambi hiyo mtu hakuhesabiwa akiwa peke yake. Alikuwa wa bet av, nyumba ya baba yake. Nyumba kadhaa zilifanya mishpahah, ukoo, na koo zilifanya kabila, ambalo lina majina mawili, matteh na shevet. Majina yote mawili maana yake ni fimbo. Kabila liliitwa kwa fimbo ya mkuu wake, na ndiyo sababu sura ya 17 inapotaka kumaliza ugomvi wa ukuhani, fimbo kumi na mbili zinawekwa ndani ya hema usiku kucha, na asubuhi ile ya Haruni imechipua. Mkuu wa kabila aliitwa nasi, aliyeinuliwa. Wote wakikusanyika pamoja waliitwa edah, kusanyiko.

Baadhi ya maneno ya kambi hiyo ni ndugu wa maneno tunayoyatumia kila siku, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kimechota kwa wingi kutoka Kiarabu. Hema takatifu iliitwa mishkan, nasi tunasema maskani. Jina lake la pili ni ohel moed, hema ya kukutania. Ohel ina udugu na ahali, watu wa nyumba moja, na moed ina udugu na miadi. Kwa hiyo jina hilo linaitaja hema ambayo Mungu na watu wake walikutana kwa miadi.

Elfu au kikosi?

Waliohesabiwa walikuwa wanaume wa miaka 20 na zaidi, kila aliyeweza kwenda saba, neno la Kiebrania linalomaanisha jeshi. Yuda walikuwa wengi kuliko wote, 74,600. Manase walikuwa wachache kuliko wote, 32,200. Jumla ya makabila kumi na mawili ilikuwa 603,550. Ukiongeza wanawake, watoto na wazee unapata watu zaidi ya milioni mbili katika rasi kavu ya Sinai, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kujiuliza.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, George Mendenhall, alichapisha makala akisema kwamba neno elef, ndugu wa elfu yetu, hapo mwanzo halikuwa idadi ya watu 1,000. Lilikuwa jina la kikosi ambacho sehemu fulani ya kabila ilitakiwa kukitoa vitani. Kwa usomaji huo Reubeni wenye 46,500 walikuwa vikosi 46 vyenye jumla ya wanaume 500. Ukijumlisha makabila yote unapata vikosi 598 na wanaume 5,550. Hiyo ni hesabu ambayo jangwa lingeweza kuibeba.

Hata hivyo, walioliandika andiko katika umbo tulilonalo waliisoma kama elfu halisi, na ushahidi wao ni fedha. Kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli. Watu 603,550 walitoa shekeli 301,775, na kwa kuwa talanta moja ni shekeli 3,000, Kitabu cha Kutoka kinaandika talanta 100 na shekeli 1,775, bila kukosea hata shekeli moja. Zile talanta 100 ziliyeyushwa zikawa vikalio 100 vya fedha, talanta kwa kila kikalio, na juu yake zikasimamishwa mbao za hema na nguzo za pazia la ndani. Kila kikalio kilibeba nusu shekeli za watu 6,000. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha wala maskini kupunguza. Maskani yenyewe ilisimama juu ya mchango sawa wa kila mwanamume aliyehesabiwa.

Pande nne

Baada ya hesabu ukaja mpangilio. Kila mtu alipanga penye degel yake, neno ambalo Union Version inaliita "beramu", yaani bendera, pamoja na otot, yaani alama za nyumba za baba zao. Beramu zilikuwa nne, kila moja ikiongoza makabila matatu.

Mashariki, upande wa mlango wa hema, walikaa Yuda, Isakari na Zabuloni, wanaume 186,400 chini ya beramu ya Yuda, na nasi wa Yuda akiwa Nashoni mwana wa Aminadabu. Kusini walikaa Reubeni, Simeoni na Gadi, 151,450. Magharibi walikaa Efraimu, Manase na Benyamini, 108,100. Kaskazini walikaa Dani, Asheri na Naftali, 157,600.

Tazama akina mama nyuma ya majina hayo. Mashariki wote ni wana wa Lea. Magharibi wote ni uzao wa Raheli. Kusini ni wana wengine wa Lea, na nafasi ya Lawi, aliyetengwa kwa kazi ya hema, imechukuliwa na Gadi, mwana wa Zilpa, mjakazi wa Lea. Kaskazini ni wana waliobaki wa wajakazi, Bilha na Zilpa. Aliyekulia katika boma la wake wengi, ambamo kila mama ana nyumba yake na wanawe hukaa upande wake, ataielewa ramani hii mara moja. Ataona pia kwamba Reubeni, kifungua mimba, hakupewa upande wa mbele. Upande huo ulikwenda kwa Yuda, kabila ambalo baadaye lilimtoa Daudi.

Hata majina ya pande za dunia yana habari yake. Kusini huitwa temanah, kutokana na neno la mkono wa kuume, kwa sababu mtu alijipima akiangalia macheo ya jua. Magharibi huitwa yammah, kuelekea bahari. Lakini anayesimama Sinai haioni Bahari ya Kati upande wa magharibi; iko kaskazini kwake. Bahari iko magharibi kwa mkaaji wa Kanaani. Kama sisi tulivyozipa kaskazini na kusini majina ya pepo za bahari yetu, lugha hiyo ilibeba jiografia ya nyumbani kwake hata iliposimulia habari za jangwani.

Walinzi wa katikati

Kati ya makabila na hema palikuwa na mzingo wa pili, wa Walawi. Hawa hawakuhesabiwa pamoja na jeshi. Walihesabiwa peke yao, kuanzia mtoto wa mwezi mmoja, wakafika 22,000. Wagershoni walikaa magharibi ya hema, Wakohathi kusini, Wamerari kaskazini. Mashariki, mbele ya mlango, walikaa Musa, Haruni na wanawe. Kazi yao iliitwa mishmeret, ulinzi wa zamu, na utumishi wao wa kubeba pia uliitwa saba, neno lilelile la jeshi, ingawa wao hawakushika upanga.

Mgawanyo wa mizigo ulikuwa wa makini. Wagershoni walibeba mapazia na vifuniko, wakapewa magari mawili na ng'ombe wanne. Wamerari walibeba mbao, nguzo na vikalio vile vya fedha, wakapewa magari manne na ng'ombe wanane. Wakohathi hawakupewa gari hata moja, kwa sababu vyombo vitakatifu vilibebwa mabegani. Wala wao wenyewe hawakuruhusiwa kuvitazama. Kabla hawajaingia, Haruni na wanawe walivifunika. Meza, kinara na madhabahu vilifungwa kwa nguo, kisha juu yake ngozi. Sanduku la agano lilifunikwa kwa pazia la ndani, kisha ngozi, na juu kabisa nguo ya samawati tupu. Vyombo vingine vyote vilionyesha ngozi kwa nje. Sanduku peke yake lilikwenda likiwa na rangi ya mbingu.

Amri ya kuondoka ilitolewa kwa tarumbeta mbili za fedha, hasosrot, zilizofuliwa kwa nyundo. Zikipigwa zote mbili kwa mlio mrefu, kusanyiko lote lilikuja mlangoni. Ikipigwa moja, walikuja wakuu peke yao. Mlio wa kukatakata, teruah, ulikuwa wa safari: wa kwanza uliwaondoa wa mashariki, wa pili wa kusini. Yuda alitangulia. Wagershoni na Wamerari wakafuata na magari ya hema. Kisha Reubeni, kisha Wakohathi na vyombo vitakatifu, ili wakifika waikute hema imekwisha simamishwa. Kisha Efraimu, na mwisho Dani, aliyeitwa measef, mkusanyaji, kwa kuwa alifunga msafara wote.

Hema ya Farao na hema isiyo na mfalme

Je, mpangilio huu una mfano wake katika dunia ya kale? Upo, na uko Misri. Karibu mwaka 1274 KK, Farao Ramesses wa Pili alipigana na Wahiti huko Kadeshi, katika nchi ambayo leo ni Syria. Alichora vita hivyo kwenye kuta za mahekalu yake, likiwemo la Abu Simbel. Kambi yake ni mstatili uliozungushiwa ngao, na katikati imesimama hema ya mfalme. Jeshi lake lilikuwa na vikosi vinne vikubwa vilivyopewa majina ya miungu: Amuni, Ra, Ptah na Sethi. Tarumbeta za Misri nazo tunazijua. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na mbili, moja ya fedha na nyingine ya shaba, na mwaka 1939 sauti zake zilirushwa hewani na redio ya BBC.

Mstatili, hema katikati, makundi manne, tarumbeta za fedha: kufanana ni kwingi. Lakini tofauti ndiyo yenye uzito zaidi. Kwenye kambi ya Misri, anayekaa katikati ni mfalme, na majeshi yamebeba majina ya miungu. Kwenye kambi ya Israeli, beramu zimebeba majina ya mababa, na katikati hakuna mfalme wala sanamu. Musa mwenyewe yuko nje ya mlango, sawa na Walawi wengine. Watu waliomtumikia Farao kwa matofali walichukua umbo la kambi yake wakakiondoa kiti chake.

Ushahidi mwingine unavutia upande wa pili, wa nyakati za baadaye. Kwenye kisiwa cha Elefantine, karibu na Aswan, kulikuwa na askari Wayahudi waliolinda mpaka kwa niaba ya dola ya Uajemi katika karne ya 5 KK. Hati zao za mafunjo, zilizoandikwa kwa Kiaramu, zimesalia. Katika hati moja ya mwaka 471 KK watu wawili, Konia na Mahseia, wanatambulishwa kila mmoja kuwa wa degel ya Varyazata, kamanda mwenye jina la Kiajemi. Hapo degel si kitambaa juu ya mti. Ni kikosi, pamoja na familia zake na mali zake. Wataalamu wengi huona kwamba sura hizi za Hesabu zilipangwa na makuhani karibu na uhamisho wa Babeli au baada yake, katika karne ya 6 na ya 5 KK, na neno hilo ni mojawapo ya sababu zao. Wengine hushikilia kwamba makuhani hao walihifadhi kumbukumbu za zamani zaidi, na huonyesha kambi ya Ramesses.

Mimi naona pande zote mbili zinaeleza kwa nini orodha hizi zilitunzwa. Watu waliopoteza mji, hekalu na mfalme walihitaji kujua kwamba taifa lao lilianza bila mji, bila jengo la mawe na bila mfalme, na bado kila mtu alijua pa kukaa.

Walio nje

Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake, na maandiko hayazifichi. Wenye ukoma, wenye kutokwa na kisonono na waliotiwa unajisi na maiti walitolewa mihuts lamahaneh, nje ya kambi. Hata choo kilikuwa nje. Kumbukumbu la Torati linamwagiza askari awe na kijiti pamoja na silaha zake, achimbe, kisha afukie, kwa sababu Mungu hutembea katikati ya kambi. Miriamu, dada yake Musa, alipopigwa kwa ukoma alifungiwa nje siku saba. Lakini andiko linaongeza jambo ambalo halipaswi kusahauliwa: watu hawakung'oa kambi mpaka Miriamu aliporudishwa.

Mwingine hakuwa na bahati hiyo. Mambo ya Walawi sura ya 24 inamtaja mwana wa Shelomithi, mwanamke wa kabila la Dani, ambaye baba yake alikuwa Mmisri. Aligombana kambini, akalikufuru Jina, akapigwa mawe. Marabi waliuliza ugomvi ulianzia wapi, na jibu lao, ambalo Rashi wa Ufaransa alilirudia katika karne ya 11, linauma. Wanasema alikwenda kupiga hema yake kwa Wadani, ndugu za mama yake. Wakamwambia kila mtu hupanga kwa alama ya nyumba ya baba yake. Akaenda kwa Musa, akashindwa kesi, akatoka akikufuru. Marabi hao hawakumhesabia haki kosa lake, lakini waliona wazi kwamba kanuni iliyompa kila mtu mahali ilimwacha mmoja bila mahali.

Msamiati wa kambi uliendelea kuishi. Jumuiya iliyoacha magombo ya Qumran, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947, iliandika Gombo la Vita lenye mahaneh, degel na tarumbeta, na likaagiza choo kiwe dhiraa 2,000 kutoka kambini. Marabi walipotaka kueleza utakatifu wa Yerusalemu waligawa kambi tatu: ya Mungu, ya Walawi na ya Israeli. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliwaita Wakristo watoke nje ya kambi, alikosulibiwa Yesu, wakamfuate walikotupwa waliokataliwa. Na katika Kiebrania cha leo degel ni bendera, na mahaneh bado ni kambi.

Hukumu yangu ni kwamba sura hizi zinastahili kusomwa kama katiba ya watu waliotoka utumwani. Zinauliza maswali matatu ambayo kila jamii hupaswa kuyajibu: nani amekaa katikati, kila mtu mahali pake ni wapi, na nani ameachwa nje. Ukirudi kwenye Kitabu cha Hesabu, usiziruke. Chukua karatasi na kalamu, chora hema, zungushia Walawi, panga makabila matatu kila upande, kisha mtafutie nafasi mwana wa Shelomithi.